Kuwachezesha wanafunzi wenye ulemavu wa viungo: uwanja, vifaa na kanuni kwa skuli za Unguja na Pemba

Kipindi cha michezo kikifika, mwanafunzi mwenye kigari katika skuli nyingi hupewa moja kati ya kazi tatu: kushika saa, kulinda mikoba ya wenzake, au kucheza dhumna chini ya mwembe. Dhumna haina kosa lolote. Kosa ni kwamba mtoto ni yule yule na mwembe ni ule ule kila wiki. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa michezo anayetaka mwanafunzi huyo aingie uwanjani, atoke jasho, na awe na uwezekano wa kweli wa kufungwa. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtoto anayeachiwa ashinde hugundua kabla ya filimbi ya pili, na wiki inayofuata utaambiwa anaumwa tumbo.

Dakika kumi za kumtazama

Usianze na jina la ulemavu. Watoto wawili wenye mtindio wa ubongo wanaweza kuwa mbalimbali kama mchana na usiku: mmoja anachechemea tu, mwengine hawezi kukaa bila kuegemezwa. Anza na anachokifanya. Mpe mpira wa matambara na umwambie autupe kwa namna anayoitaka mwenyewe, kwa mkono, kwa mguu, kwa juu au kwa chini. Tazama kama anaweza kuuachia kwa wakati anaoutaka, maana wengi wanashika vizuri lakini vidole havifunguki. Mkalishe kwenye mkeka uone kama anakaa bila kushika chini. Kama anatumia kigari, mwambie aende mita 20, asimame, ageuke, arudi, na umpimie saa. Andika yote kwenye daftari.

Kisha muulize: "Ukiletewa mpira hapa, mwanangu, utaupeleka vipi kule?" Majibu ya watoto huwa mafupi na ya maana kuliko makisio yetu.

Kwa mzazi yako mambo ya kuuliza ambayo macho hayayaoni. Je, ana kifafa, na kinamjia lini? Kama ana mgongo wazi au aliwahi kuwa na kichwa kikubwa, je, amewekewa mrija wa kutoa maji kichwani? Mwenye mrija huo asipigwe mipira ya kichwa wala asipinduliwe kichwa chini. Je, kuna sehemu ya mwili isiyohisi maumivu? Je, ana mzio wa mpira wa aina ya puto na glavu? Swali hili la mwisho walimu wengi hawalijui: watoto wenye mgongo wazi hupata sana mzio wa mpira wa asili, na puto, tunalolikimbilia kwa kuwa ni jepesi na la rangi, ndilo hasa linalowaletea vipele na wakati mwengine kubanwa pumzi. Kwao tumia mpira mwepesi wa plastiki, ule wa kuchezea pwani.

Mwenye ugonjwa wa misuli inayodhoofika siku hadi siku ana kipimo chake. Uchovu wa kawaida huisha kwa kulala. Kama kesho yake asubuhi bado mikono ni mizito, jana ulimpitisha kiasi, na wiki ijayo punguza muda.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Mchezo wowote unaweza kuushika pahala panne: ukubwa wa uwanja, kifaa, kanuni, na idadi au mpangilio wa watu. Anayebadilisha vyote vinne siku moja hujikuta na mchezo usiojulikana na mtu, na hajui ni badiliko gani lililosaidia. Badilisha kimoja, chezesha dakika kumi, tazama nani ameguswa na mpira na nani hakuguswa, kisha badilisha kingine. Kwa uzoefu wetu uwanja ndio wa kuanza nao, kwa sababu kuupunguza hakumdhalilishi mtu, ilhali kanuni ya "fulani asinyang'anywe mpira" inamtangaza uwanja mzima.

Riadha ni mfano mwepesi. Umeshawapima mita 20. Tuseme mmoja ametumia sekunde 8, mwengine mwenye kigari kizito ametumia 16. Kwa mbio za mita 40, wa kwanza aanzie mstari wa mita 40 na wa pili aanzie mita 20 kutoka mwisho. Filimbi moja, wanafika karibu pamoja, na watazamaji wanapiga kelele za kweli. Rudia kipimo kila mwezi. Mtoto akifanya mazoezi mstari wake unarudi nyuma, na kurudishwa nyuma huko ndiko kunakomfurahisha.

Bocha: mchezo wa kuanza nao

Kama skuli ina nguvu ya mchezo mmoja tu, uwe huu. Katika Paralimpiki, ambako jina lake huandikwa boccia, umechezwa tangu 1984, na uliwekwa kwa ajili ya wenye ulemavu mkubwa, hata asiyeweza kushika mpira. Hautaki kukimbia, unataka jicho na hesabu. Mtoto asiye na ulemavu hana faida kubwa ndani yake, na atafungwa.

Mnarusha mipira laini kukaribia mpira mweupe. Upande mmoja una mipira 6 myekundu, wa pili 6 ya buluu, na mweupe ni mmoja, jumla 13. Mpira rasmi una uzito wa gramu 275 hivi na mzingo wa sentimita 27. Uwanja rasmi ni mita 12.5 kwa 6. Ndani ya urefu huo mita 2.5 za nyuma ni visanduku sita vya wachezaji, kila kimoja upana wa mita 1. Mbele ya visanduku kuna mstari wa umbo la V ambao mpira mweupe lazima uuvuke: kati yake uko mita 1.5 kutoka mstari wa kurushia, na pembeni mita 3. Kwa skuli, sakafu ya ukumbi au varanda pana inatosha, na kama nafasi ni ya mita 8 kwa 4, chora hiyo hiyo. Chora kwa chaki. Kamba iliyotandikwa chini inageuza njia ya mpira na inanasa magongo.

Mipira ishoneni wenyewe. Kata kitambaa kizito, kaki au jinsi, vipande sita kwa kila mpira, kila kimoja umbo la kipande cha chungwa: urefu sentimita 13.5, upana wa katikati 4.5, kisha ongeza sentimita 1 kila upande ya mshono. Shona kwa ndani, acha mwanya wa sentimita 3, pindua, mimina cha kujazia kwa kupitia mrija wa karatasi, funga kwa mkono kwa uzi wa mara mbili. Fundi cherehani mmoja huimaliza kazi hii kwa siku mbili.

Kujaza ndiko kunakokosewa. Wengi hutia mchanga mpaka juu, na mpira unatoka zaidi ya gramu 500: mkono dhaifu hauufikishi popote, na ukimwangukia mtu mguuni analia. Mpira wa kipimo hicho unameza karibu theluthi ya lita, yaani mililita 330 hivi. Mchele au chooko ya kiasi hicho hutoa gramu 265 hadi 285, ndiyo sababu nafaka inakaribia sana uzito rasmi bila kupimapima. Ikaange kidogo kwenye kikaango kikavu kwanza, vyenginevyo baada ya masika mpira utakuwa na wakaazi wake. Mipira 13 inataka karibu kilo 3.7. Wako watakaosema ni israfu kuchezea chakula, na hatuna ugomvi nao: nusu ya ujazo tia mchanga mkavu, nusu vumbi la mbao la seremala, uzito ni ule ule. Mchanga uwe wa shamba. Wa pwani una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na mpira uliopimwa gramu 275 mwezi wa Januari si huo utakaoushika Aprili. Ukilazimika kutumia wa pwani, uoshe kwa maji matamu mara tatu na uuanike mpaka uwe unateleza vidoleni.

Usiujaze mpira ukawa mgumu kama ndimu. Ukiubonyeza kwa kidole gumba uingie kidogo. Mpira mgumu unadunda na kukimbia, laini unatulia pale ulipotua.

Mchezo wenyewe: aliyeshinda kura anachagua rangi. Mwenye myekundu anarusha mweupe, kisha wa kwanza wake. Mpinzani anarusha wa kwanza wake. Kuanzia hapo anarusha yule ambaye mpira wake uko mbali zaidi na mweupe, anaendelea mpaka awe karibu kuliko mwenzake au mipira imwishie. Yote ikiisha, unahesabu pointi moja kwa kila mpira wa mshindi ulio karibu na mweupe kuliko mpira wa karibu kabisa wa mpinzani. Raundi nne ndiyo mechi ya mtu na mtu. Penye ubishi pima kwa uzi, usipime kwa macho, kwa sababu macho ya mwalimu aliyesimama upande mmoja yanadanganya kwa sentimita nzima.

Wanafunzi watatu tofauti, matatizo matatu. Anayetetemeka mkono hufanya vizuri zaidi kwa mpira mzito kidogo na kwa kurusha kutoka chini. Asiyeweza kufungua vidole aweke mpira mapajani au kwenye ukingo wa kigari na ausukume, au aupige teke, ni halali. Mwenye misuli inayokaza hukazika zaidi akishtuliwa, na hapa watazamaji ndio wanaoharibu: "Tupa! Tupa basi!" ikipigwa kutoka varanda, mkono unajikunja kifuani na mpira unaanguka miguuni. Weka kanuni ya kimya tangu mrushaji anapoinua mkono mpaka mpira usimame. Mpe muda wake. Dakika tano kwa mipira sita si nyingi.

Mfereji kwa asiyeweza kurusha

Nunua bomba la plastiki la maji machafu la inchi nne, urefu wa mita 1.5, na ulipasue katikati kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Chora mistari miwili kwanza kwa kubana uzi ncha hadi ncha, maana msumeno unapenda kupotea. Piga msasa kingo zote mpaka kitambaa kisinase. Nusu moja ni mfereji, ya pili weka akiba au tengeneza mfereji wa pili. Mpira wa mzingo wa sentimita 27 una kipenyo cha 8.6, hivyo unapita bila kubana.

Ncha ya juu ikae juu ya kigoda au fremu ya mbao, kimo cha kifua cha mtoto aliyekaa. Ncha ya chini ndiyo yenye hila. Mfereji ukishuka moja kwa moja mpaka sakafuni, mpira unagonga chini, unaruka na kwenda upande. Tengeneza kipande cha pili cha sentimita 40, kilaze karibu sawa na sakafu, na mwisho wa mfereji mrefu ulale juu ya mwanzo wa kipande hicho kama makuti yanavyoezekwa, wa juu juu ya wa chini. Ukikosea ukaweka kinyume, mpira unajikwaa kwenye ukingo kila mara. Kata kipande hicho kutoka ile nusu ya akiba.

Kwa kalamu ya wino usiofutika andika namba kila sentimita 10 kando ya mfereji. Mpira ukiachiwa namba 5 unafika hapa, namba 9 unafika kule. Baada ya vipindi vitatu mtoto anayezungumza kwa macho tu atakuwa anajua meza yake ya namba kuliko wewe. Msaidizi anaweka mpira pale alipoagizwa na kusogeza mfereji kushoto au kulia kwa amri ya mchezaji. Msaidizi huyo akae kauelekezea mgongo uwanja, asigeuke. Ndiyo kanuni ya mashindano, na sababu yake utaiona siku ya kwanza ukiiacha: rafiki mwenye macho mazuri ataanza kucheza yeye, na mwenye mchezo atakuwa anatazama.

Mpira wa wavu wa kukaa

Hapa watu wote wanakaa chini, wenye ulemavu na wasio nao. Asiyekuwa na ulemavu akiachwa asimame, mchezo umekufa.

Vipimo rasmi ni uwanja wa mita 10 kwa 6. Ukingo wa juu wa wavu ni mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake. Wachezaji ni sita kila upande. Wavu, kipande cha nyavu chakavu cha wavuvi kinatosha, na nguzo ni fito mbili za mvinje zilizosimamishwa kwenye madebe ya saruji. Kwa darasa la nne na la tano shusha wavu hadi mita 1, uwanja mita 8 kwa 5, wanne kila upande, na anza na mpira mwepesi wa plastiki. Mpira wa kawaida wa voliboli ni wa mwezi wa pili.

Kanuni yenyewe: anayegusa mpira, sehemu ya mwili wake kuanzia matako hadi mabega iwe imegusa chini wakati huo. Wasio na ulemavu ndio watakaoivunja, kwa kuwa mwili unawavuta wainuke, na mwamuzi awapigie bila haya. Tofauti na voliboli ya kusimama, hapa sevu inaruhusiwa kuzuiwa wavuni.

Kinachowashinda wageni wa mchezo ni kwamba mikono ile ile ndiyo inayotembea na ndiyo inayocheza. Kabla ya mechi yoyote, wape dakika kumi za kusota bila mpira: mbele mita 3, nyuma mita 3, kushoto na kulia, viganja chini, matako yakisukumwa. Baadaye wafanye hivyo hivyo huku mwalimu akipaza mkono ghafla, na wao wainue viganja papo hapo. Wakikosa zoezi hili, mechi nzima itakuwa sevu na kuokota.

Sakafu ni mtihani. Saruji ya kukwaruza inatoboa suruali na ngozi. Mkeka wa miyaa peke yake unateleza juu ya saruji na kumpeleka mtoto wavuni, kwa hiyo chini yake tandika vipande vya tyubu ya baiskeli, na kingo zishonewe pamoja zisinyanyuke. Mchanga unafaa kama umechekechwa ukatolewa makombe ya chaza na mawe. Mistari usiichore kwa chokaa hata kama ndiyo mnayoitumia uwanja wa mpira. Watoto wanasota juu yake kwa mikono na mapaja, na wanajifuta macho kwa viganja hivyo hivyo. Chokaa inachoma. Tumia utepe wa kitambaa uliokazwa chini.

Nage

Kila mtaa una nage yake, kwa hiyo tunazungumzia ile sehemu iliyo sawa kote: walio kati wanakwepa, walio nje wanarusha. Wasichana wanaijua kwa moyo, na ndiyo maana ni njia fupi ya kumwingiza mwenzao. Mpira uwe wa matambara au sponji, saizi ya nazi iliyofuliwa. Kwa mwenye kigari aliye kati, mpira unaogonga maringi hauhesabiki, unaomgonga mwili kuanzia mapaja kwenda juu unahesabika. Kwa mwenye magongo vivyo hivyo, gongo si mwili. Chora duara mbili za salama zenye kipenyo cha mita 1.5, ambamo yeyote, mwenye ulemavu au asiye nao, anaweza kuingia na kupumua kwa hesabu ya tano. Kwa kuwa duara ni za wote, hakuna aliyependelewa.

Asiweko mtu wa kumsukuma mwenye kigari anayeweza kujisukuma. Akisukumwa, anayecheza ni msukumaji, na aliyekaa amegeuka mzigo kwenye gari la ng'ombe. Kama mikono haiwezi kabisa, mfanye awe mrushaji wa nje, au wacheze wawili kama jozi na aliyekaa ndiye anayetoa amri: kushoto, kulia, simama.

Sketi ndefu, mtandio na spoku havipatani. Wenye vigari wavae ushungi wa kuchomeka kichwani badala ya mtandio wa kutupia, suruali ndani ya sketi, na upindo uchomekwe chini ya mapaja. Kata maduara ya boksi gumu au plastiki ya ndoo kuukuu uyafunge juu ya spoku, na vidole navyo vitakuwa salama.

Mpira wa miguu kwa magongo

Tanzania inayo timu ya taifa ya soka la wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, iliyocheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, na wavulana wengi wanaijua. Kanuni zake ni rahisi kuhamisha skuli: watu saba kila upande, hakuna kuotea, mpira ukitoka unarudishwa kwa mguu, na kuugusa kwa gongo kwa makusudi ni sawa na kushika. Wa ndani wanatumia mguu mmoja, kipa mkono mmoja.

Kabla ya filimbi kagua magongo. La kwapani liishie vidole viwili hadi vitatu chini ya kwapa, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikikunjika kidogo. Mtoto anayening'inia kwapani atakuambia baada ya dakika ishirini kwamba vidole vimekufa ganzi: neva imebanwa, mtoe. Raba ya chini ikiisha, gongo linateleza kama ndizi. Fundi baiskeli anaweza kukata nyingine kutoka tairi la zamani.

Uwanja, bahari na jua

Makunduchi, Jambiani na sehemu kubwa ya kusini mawe ya matumbawe yamejitokeza juu, kwa Pemba ni vilima na udongo mwekundu unaonata mvua ikinyesha. Kwa skuli zilizo karibu na pwani, uwanja bora wa magongo na vigari ni ule mchanga mgumu unaoachwa na maji. Wakati wa bamvua bahari hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ratiba ya wiki jana haifai wiki hii. Waulize wavuvi siku ambazo maji yanakuwa yametoka ndani ya saa za kuchezea zilizotajwa hapa chini. Mchanga mkavu wa juu acheni kabisa, maringi madogo ya mbele yanazama na kigari kinampindua mtu mbele.

Kigari kiwe na upepo wa kutosha kwenye matairi, breki zote mbili zikishika, na mkanda wa kiunoni kwa asiyekaa imara. Kikitoka pwani kioshwe kwa maji matamu siku hiyo hiyo, kifutwe, na kitiwe mafuta kwenye ekseli. Chumvi ikilala usiku mmoja imeshaanza kazi.

Saa za kuchezea ni kabla ya saa tatu asubuhi, au jioni baada ya Alasiri, kwa kuangalia nani ana chuo cha Kurani. Mwezi wa Ramadhani bocha inaendelea kivulini, voliboli isubiri. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hatoi jasho vizuri chini ya jeraha lake, joto linapanda bila dalili tunazozizoea. Mpoze kwa kitambaa cha maji shingoni na mapajani kila dakika kumi.

Na ukiona mtoto hanywi maji siku ya michezo, usimkaripie. Kakague choo. Mlango mwembamba kuliko kigari, au ngazi mbili za kuingilia, ndiyo sababu ya kiu yake.

Baada ya filimbi

Asiyehisi maumivu hajui kwamba ameumia. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 ajinyanyue kwa mikono au ainamishwe mbele kidogo, damu ipite. Akae juu ya sponji ya sentimita 5 au zaidi, si juu ya kitambaa kilichokunjwa, ambacho makunjo yake ndiyo yanayochubua. Mchezo ukiisha, mwalimu wa kike kwa msichana na wa kiume kwa mvulana, faraghani na kwa ruhusa yake, atazame matako, visigino na vifundo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi, hivyo tafuta sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au iliyo ngumu kuliko jirani yake. Ikiwa haijarudi hali yake baada ya nusu saa, mjulishe mzazi, na asikalie sehemu hiyo mpaka ipone. Kidonda cha kukalia huanza hivyo, na kinaweza kumweka nyumbani muhula mzima.

Hesabu mipira ipatikane 13, iliyoloa ianikwe kabla ya kuhifadhiwa. Itieni kwenye kikapu cha ukili na mkitundike kwenye boriti kwa waya, si kwa kamba ya usumba: panya anajua kuteremka kamba, na akishaonja mpira mmoja wenye chooko atafungua yote.